Toa Ulimi Nikuone

Sehemu ya Saba

Mlioniuliza wiki nzima kama mlango ulifunguka, jibu ni hili: ulifunguka.

Aliyechelewa kujiunga nasi nitamvuta mkono haraka. Mama Pacha, mpishi wa jemu katika kiwanda cha Mzee Kijiko, alikuwa ndani ya ofisi ya bosi wake bila ruhusa. Kabati la chuma lilikuwa wazi, maana Mzee alitoka mbio kwenda kumfokea mtu aliyevunja chupa, akasahau ufunguo kwenye tundu lake. Mama Pacha alikuwa ameshalishika faili lenye jina lake. Ndani yake mna cheti chake cha upishi, kile halisi chenye muhuri. Mzee alikichukua siku ya kwanza ya kazi, eti akihifadhi, na mpaka leo, mwaka wa nne, anakihifadhi.

Cheti hicho kilikuwa kinatakiwa hospitalini siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita mchana. Kikifika, Mama Pacha ni mpishi katika jiko la wagonjwa. Kisipofika, nafasi anapewa wa pili kwenye orodha.

Ndipo kitasa cha mlango kikazunguka.

Aliyeingia alikuwa Karani, binti anayeandika mafaili ya kiwanda, ambaye Mama Pacha alimweka nje amlindie mlango. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Shoga, toka! Anarudi!"

"Nipe nusu dakika tu."

"Hata robo huna! Liache hilo faili, toka!"

"Msigombane, wanangu," ikasema sauti nyuma ya Karani. "Ofisi ni kubwa. Tutaenea wote."

Mzee Kijiko aliingia taratibu, akaufunga mlango kwa kisigino. Kwa wasiomjua: ni mtu mnene mwenye vidole vyembamba, na kwenye mfuko wa shati hubeba kijiko. Kijiko chenyewe hakioshwi. Anasema maji yanaua ladha. Mfuko umeganda jemu za miaka na miaka, tabaka juu ya tabaka, na sisimizi wa kiwanda kile wanalijua shati hilo kuliko anavyolijua mke wake.

Akamtoa Karani nje kwa kidole kimoja. Halafu akalichukua lile faili mikononi mwa Mama Pacha, polepole, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Akaliweka kwenye kiti chake. Akalikalia. Akajisogeza huku na huku mpaka akatulia, kama kuku anayeatamia.

"Kwa hiyo unatuacha," akasema.

"Nani kakwambia, Mzee?"

"Choo chetu kina ukuta wa mbao, mwanangu. Na upande wa pili wa ubao ndipo ninapopumzika baada ya kula. Nimekusikia ulivyompigia simu yule msimamizi mpya wa jiko la hospitali. Ndiyo baba, asante baba, nitakileta baba." Akatabasamu. "Nimesikia na mengine yasiyokuwa maneno."

Mama Pacha alihisi mate yakimjaa mdomoni, yale mate ya mtu anayetaka kutapika. Miaka minne alikuwa anaomba ufunguo wa choo kwa mtu huyu, anapangiwa dakika, anahesabiwa. Hakuwahi kufikiria kwamba upande wa pili palikuwa na kiti.

"Nifukuze basi, Mzee. Nipe cheti changu nikuondokee."

"Mtu wangu simfukuzi. Toa ulimi."

Hapa nieleze, maana nimepata barua mbili za watu wanaodhani natia chumvi. Katika kiwanda kile hakuna anayeruhusiwa kuonja ila Mzee. Mpishi haonji, msaidizi haonji, anayejaza chupa haonji. Jemu haiwi tayari kwa sababu imeiva. Inakuwa tayari kwa sababu Mzee amesema. Na ili ajue nani kalamba, kila mchana na kila jioni wanawake wazima, wenye wakwe na wajukuu, hupanga mstari na kumtolea ndimi nje, naye hupita na tochi akimulika kooni mmoja baada ya mwingine.

Mama Pacha alivumilia. Mama mkwe alimwambia kazi ni kazi. Mpaka siku moja alipofika nyumbani akawakuta mapacha wake wakicheza sebuleni: mmoja amekaa kwenye kopo lililogeuzwa, mwenzake amepiga magoti mbele yake, kichwa nyuma, ulimi nje. "Safi," akasema yule wa kwenye kopo. "Nenda. Mwingine." Mama Pacha aliwazaba vibao wote wawili, kisha akaenda uani akalia. Siku ya pili yake ndipo alipopiga ile simu.

Sasa alisimama ofisini, akatoa ulimi. Mzee aliinama mbele bila kunyanyuka kitini, akamulika.

"Msafi. Nenda kwenye sufuria lako. Saa nne huyo msimamizi wako anafika hapa."

"Anafika hapa?"

"Nimemwita mimi, aje aonje jemu ya wagonjwa wake. Hakujui sura, wala hatakujua. Ataonja, atatia saini, ataondoka, na saa sita itapita wewe unakoroga." Akachukua ufunguo wa kabati, akautia kwenye uzi shingoni mwake. "Na ukifungua mdomo mbele yake, nitamwambia nilikukuta ofisini kwangu mkono ukiwa kabatini. Mwizi jikoni kwa wagonjwa? Jaribu."

Mama Pacha alitoka. Kwenye ukumbi Karani alimshika mkono.

"Pole, shoga wangu. Nilijitahidi."

"Najua. Wewe huna kosa."

Liweke akilini hilo, msomaji wangu, kisha tukimbie jikoni.

Zambarau zilikuwa zimeshapasuka na kutoa maji yao meusi. Kilichobaki ni sukari. Na hapo ndipo penyewe, maana kiwanda kile hupika pia achari ya ndimu, na achari inataka chumvi nyingi kuliko unavyodhani. Chumvi na sukari hukaa kwenye mapipa meupe yanayofanana, yamepangwa ukutani. Zamani yalikuwa na maandishi. Mzee aliyafuta yote, akasema maandishi humsaidia mwizi. Kila asubuhi huyahamisha yeye mwenyewe kabla watu hawajaingia, na ni yeye tu anayejua pipa gani ni lipi. Ukitaka sukari, unamsubiri aje anyooshe kijiko.

Akaja. Akanyoosha kijiko.

"Lile."

Mama Pacha aliliangalia pipa lile. Chembe zake zilikuwa kubwa kidogo, na zilikuwa kama zina unyevu.

"Mzee, samahani, hili si ndilo lile la..."

"Anayeonja hapa ni nani?"

"Wewe, Mzee."

"Anayejua ni nani?"

"Wewe, Mzee."

"Basi chota."

Akachota. Makopo ishirini, moja baada ya jingine, mbele ya macho ya Mzee, huku Mzee akijikuna sikio kwa mpini wa kijiko.

Mpishi wa jemu hahitaji ulimi ili ajue jemu imekwama. Povu linamwambia. Jemu inayoiva hupumua kwa uvivu, povu zito, linapasuka mojamoja. Hii ilikuwa inaruka kama maji ya kufulia. Mama Pacha alidondosha tone kwenye sahani ya baridi, akapitisha kidole katikati. Tone halikushika. Lilikimbia pande zote, jembamba kama wino.

"Mzee, hii haigandi."

Mzee alichomoa kijiko sikioni, akakitumbukiza kwenye sufuria, akapuliza, akakilamba mbele na nyuma. Kikatumbukia tena na mate yake. Akakilamba tena, akafumba macho.

"Utamu umezidi kidogo," akasema. "Kesho punguza."

Akaenda zake kupanga meza ya mgeni.

Mama Pacha alibaki ameshika mwiko. Utamu? Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akageuza mgongo, akachovya ncha ya kidole kwenye sahani, akakipeleka mdomoni. Mara ya kwanza katika miaka minne.

Ilikuwa chumvi. Wala si ile ya kusema mpishi kapitiwa kidogo. Ilikuwa chumvi ya kuhifadhia ngozi ya ng'ombe. Ilimkaza mashavu, ikampanda puani. Na mtu aliyelamba kijiko kizima, mara mbili, alikuwa amefumba macho na kusema utamu umezidi.

Mama Pacha si mjinga. Alielewa pale pale.

Hakupata nafasi ya kufikiri zaidi. Robo saa kabla ya saa nne, Mzee alipiga makofi.

"Ndimi! Ndimi kabla ya mgeni! Sitaki aibu!"

Ukaguzi wa ghafla! Mama Pacha alikimbilia bomba, lakini bomba lilikuwa nyuma ya Mzee. Alijifuta ulimi kwa aproni, akasugua kwa meno. Ubishi wa zambarau mnaujua. Ukila moja, jirani anajua mpaka kesho.

Mstari ukapangwa. Tochi ikapita. Safi. Safi. Wewe piga mswaki. Safi. Ikafika kwake.

Alitoa ulimi. Ulikuwa zambarau tupu, mpaka mashinani.

Wenzake walimtolea macho ya huruma. Mwaka uliopita aliyekamatwa na doa dogo tu alisimamishwa uani siku nzima, ulimi nje, mpaka mdomo ukakauka ukapasuka.

Mzee hakupiga kelele. Alizima tochi. Akamshika Mama Pacha kiwiko, akampeleka nyuma ya mapipa, akamsogelea hata pumzi yake ikamgusa shavuni.

"Umeonja."

"Nimeonja, Mzee."

"Ikoje?"

Hakuwa anafoka. Alikuwa anauliza. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Si umeonja mwenyewe? Ulisema utamu umezidi."

Mzee alitazama chini. Vidole vyake vyembamba vikakizungusha kijiko.

"Tangu ile homa ya mwaka juzi," akasema. "Hakuna kitu. Asali, pilipili, sabuni, vyote kama natafuna pamba."

"Sabuni uliionja ya nini?"

"Nilikuwa najaribu."

Hapa, ndugu msomaji, kama una moyo laini usiutoe mfukoni kwanza. Mama Pacha alianza kuutoa wake. Alimwona mbele yake mzee aliyepoteza kitu chake cha pekee duniani, na kwa sekunde moja akamwonea huruma. Miaka miwili jemu ilikuwa inatoka nzuri kwa sababu wapishi walijua kazi yao kwa macho na kwa pua, na Mzee alikuwa anapita tu na kijiko chake akijichukulia sifa. Na muda wote huo, mtu asiyekuwa na ulimi ndiye aliyekuwa akikagua ndimi za wenzake.

Kisha Mzee akaendelea, na huruma ikarudi ilikotoka.

"Mungu kakuleta," akanong'ona. "Wewe sasa ni ulimi wangu. Nitakuwekea kiti kando ya changu. Utaonja kwanza, kwa kijiko hiki hiki, watu wadhani nimekupa heshima. Ukikohoa mara moja, ni nzuri. Mara mbili, ni mbaya. Hutapanga mstari tena. Choo utakwenda utakapo."

Akamletea kijiko mdomoni. Kiligusa mdomo wa chini. Kilinuka matunda ya zamani, na tumbaku, na sikio.

"Na cheti changu?" Mama Pacha aliuliza huku amebana meno.

"Cheti kinabaki. Nikikupa utakwenda. Umewahi kuona mtu akauacha ulimi wake utoke uende kufanya kazi kwingine?" Akacheka kidogo. "Tutazeeka wote hapa, mimi na wewe. Haya, sema upesi, jemu ikoje?"

Honi ikalia getini.

Mzee akarudisha kijiko mfukoni. "Utakohoa," akasema. "Simama nikuone."

Mgeni alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Alikuja na kijiko chake mwenyewe, kimefungwa kwenye leso nyeupe. Mama Pacha alipokiona kile kijiko kinavyong'aa alitaka kulia.

"Asante kwa kunikaribisha, mzee wangu," mgeni akasema. "Sina muda mwingi. Saa sita nina jambo la mpishi."

Ilikuwa ile sauti ya kwenye simu.

Mzee alimwongoza mpaka kwenye sufuria la zambarau, ambalo moto wake ulikuwa bado unanguruma. Wanawake wa chupa walisimama kwenye mstari, vifuniko mikononi. Mzee alichomoa kijiko chake, akachota, akalamba, akafumba macho.

"Aaah!" akasema. "Hii, baba, hata mgonjwa wa kubebwa ataamka mwenyewe afuate mkate."

Alipofumbua macho, aliyapeleka moja kwa moja kwa Mama Pacha. Yalikuwa yanasubiri kikohozi.

Mgeni alifungua leso. Akachota. Akapuliza.

Mama Pacha alikuwa na pumzi moja ya kuamua. Akikohoa mara mbili, Mzee atatafuta la kusema, ataleta chupa za jana, mambo yatapita salama, na yeye atakuwa ulimi wa Mzee mpaka afukiwe. Akikohoa mara moja, mgeni atalamba chumvi ya ngozi, na mpishi wa sufuria ni nani? Ni yeye. Akinyamaza, ni vile vile.

Kijiko cha mgeni kikapanda.

"Usile, baba," Mama Pacha akasema. "Hiyo ni chumvi."

Mwanamke mmoja aliangusha kifuniko. Mgeni alimtazama Mama Pacha, akagusa jemu kwa ncha ya ulimi, na uso wake wote ukajikunja kuelekea puani. Akatema kwenye leso.

"Mzee!" akasema. "Si umeionja sasa hivi? Umefumba na macho!"

Nawaambia, mtu mwongo ana mbio kuliko swala. Mzee hakukwama hata kidogo.

"Nilikuwa nampima huyu," akasema, akimnyooshea Mama Pacha kijiko. "Nilitaka nione kama ana haya ya kusema. Aliyepika ni yeye. Aliyechota chumvi ni yeye. Waulize wote, nani kachota?"

Na kweli aliyechota ni yeye.

Lakini mgeni alikuwa ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Sauti hii naijua," akasema. "Wewe si ndiye mama wa mapacha? Uliyenipigia simu?"

"Ndimi, baba."

"Nilikwambia uje na cheti halisi."

"Kipo, baba. Kipo ofisini kwa Mzee, pale nyuma ya kioo. Kwenye faili. Alikichukua siku ya kwanza, na anatuchukulia sote."

Mzee akacheka. Kicheko kilitoka taratibu, cha baba anayemsikia mtoto akiongopa.

"Cheti! Baba, huyu nilimwokota kwa huruma, hajui hata kuchemsha maji. Leo si umeonja mwenyewe? Mtu mwenye cheti anatia chumvi kwenye jemu?" Akageuka. "Karani! Njoo, mwanangu."

Karani akaja, kitabu cha mahudhurio kifuani.

"Mafaili yote humu anayaandika nani?"

"Mimi, Mzee."

"Huyu umewahi kukiona cheti chake?"

Saa moja tu iliyopita binti huyo alisimama mlangoni akilinda. Alijua faili liko wapi. Aliligusa. Alimwita Mama Pacha shoga, wakila pamoja kwenye bakuli moja kila mchana. Sasa alitazama ncha za viatu vyake.

"Sijawahi kukiona, Mzee."

Mama Pacha aligeukia mstari. Mmoja alikuwa anaikagua chupa yake kama hajawahi kuona chupa. Mwingine alikuwa anahesabu vifuniko. Wote walikijua cheti kile, na kila mmoja alikuwa na karatasi yake ndani ya lile kabati.

Mgeni akavua miwani, akaifuta.

"Mama," akasema, "mimi binafsi naweza kukuamini. Ila jikoni kwangu bila karatasi siwezi kumwingiza mtu. Nikitoka hapa nampigia wa pili. Samahani sana."

Akaanza kukunja leso yake.

Niseme ukweli jinsi Mama Pacha alivyojisikia, bila kupamba. Kinyaa. Alimwonea kinyaa Mzee na kijiko chake, akawaonea kinyaa wale waliokuwa wakihesabu vifuniko, na zaidi ya wote akamwonea kinyaa Karani, hata yale matonge ya bakuli moja yakamrudi kooni. Alifungua mdomo amtemee neno.

Neno halikutoka. Lilikutana na jingine njiani.

Kabla ya Mama Pacha palikuwa na mpishi mwingine, mwanamke mrefu, mcheshi, aliyemfundisha kusoma povu. Naye siku moja aliomba cheti chake aondoke. Na Mzee alimwita Mama Pacha, wa miezi miwili kazini, mapacha wananyonya, akamuuliza swali lile lile mbele ya watu wale wale. Mama Pacha alikuwa amekiona cheti hicho mezani. Mnataka kujua alijibu nini? Rudini mistari michache juu, msome jibu la Karani. Hakuna hata herufi iliyobadilika.

Sikuwaambieni mapema kwa sababu naye hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe.

"Usilie, Karani," akasema.

Karani alikuwa kweli analia, bila sauti.

"Usilie, mdogo wangu. Hata mimi nilijibu hivyo." Mama Pacha alimgeukia mgeni, lakini alikuwa anasema na wote. "Kulikuwa na mpishi hapa kabla yangu, yule dada mrefu. Wengine mnamkumbuka. Alikuwa na cheti. Nilikiona kwa macho yangu, kilikuwa na doa la chai pembeni. Niliulizwa nikasema sijakiona, kwa sababu na changu kilikuwa kimeshafungiwa ndani. Akatoka hapa mikono mitupu. Tangu siku ile namtolea ulimi huyu mzee kila jioni, nikidhani kinachonichefua ni kijiko chake."

Aliyekuwa akihesabu vifuniko akaviweka chini.

Mgeni aliacha kukunja leso.

"Umemaliza?" Mzee akauliza. "Baba, twende nikusindikize. Hawa ukiwapa nafasi watakuliza mpaka jioni."

"Mzee." Ilikuwa sauti ndogo. Karani alikuwa bado anatazama viatu vyake. "Mzee, naomba nirekebishe jibu langu."

Nilitegemea Mzee apasuke. Na ninyi najua mlitegemea. Hakupasuka. Alimtazama Karani kwa upole, akatikisa kichwa, akaelekea ofisini. Kupitia kioo cha ofisi, kinachotazama jikoni, walimwona akiinama, akivuta uzi shingoni, akifungua kabati. Akatoka na faili moja mkononi.

Moyo wa Mama Pacha ukaruka. Anakileta! Ameshindwa, anakileta!

Lakini kupitia kioo hicho hicho kiti cha Mzee kilionekana, na juu yake kulikuwa na faili jingine, lile alilolikalia asubuhi, limebonyea katikati.

Karani alikuwa wa kwanza kuelewa. Mwandiko ulio juu ya faili lile ulikuwa wake mwenyewe, na jina aliloliandika, siku yake ya kwanza ya kazi, kwa herufi nzuri za mtu mwenye furaha, lilikuwa jina lake.

Mzee alilifungua. Akatoa karatasi moja tu, nene, yenye muhuri mwekundu. Akaishika kwa vidole viwili na kuinyoosha juu ya sufuria lililokuwa likichemka. Mvuke ukaipata. Pembe yake ikaanza kujikunja.

"Haya, mwanangu," akasema. "Rekebisha."